Jina la Sita

Kinyerezi, Jumamosi jioni

Fadhila mwanangu,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi hali yako naijua. Muda huu umekaa kwenye kiti cha kinyozi pale njia panda, mama yako amesimama nyuma yako, na nywele ulizozitunza tangu mtihani wa Kidato cha Nne zinaanguka sakafuni kwa sababu shule unayokwenda haitaki nywele. Nimebaki nyumbani kwa kisingizio cha kufunga sanduku. Sanduku nimelifunga tangu adhuhuri. Nilichobaki nacho ni barua hii, na nataka iishe kabla hamjarudi.

Habari za ndoo, kufuli, chandarua na kutoazima viatu, mama yako amekwisha kukueleza mara tatu kwa hesabu yangu. Sina la kuongeza. Nina jambo moja ambalo mama yako hakulijua mpaka juzi, na wewe hulijui mpaka dakika hii. Nitalisema mapema, maana nikianza kuzunguka sitalifikia.

Kwa miaka miwili na nusu umeamini kwamba uliachishwa Fizikia kwa sababu walimu walikaa wakaona huiwezi. Si kweli. Mwalimu wako wa Fizikia alitaka ubaki. Aliandika hivyo kwa mkono wake. Niliyekuachisha ni mimi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, hatua kwa hatua, kama nilivyozoea.

Umesoma miaka minne katika shule ambayo baba yako ni karani, umepita mbele ya dirisha langu kila asubuhi. Unajua walimu walivyokuwa wakiniita Mzee Orodha. Orodha ya waliochelewa, orodha ya waliougua, orodha ya viti vilivyovunjika miguu. Mkuu wa shule akipata wageni alikuwa akiwaambia, "Mkitaka kujua ng'ombe wangapi wamekatiza uwanjani leo, muulizeni Mzee Orodha." Wageni walicheka, na mimi nilicheka kuwashinda. Shajara yangu nayo unaijua, lile daftari jeusi ambalo mama yako huliita mke mwenza. Nilijivunia kwamba hakuna siku isiyo na mstari wake.

Kila mwaka matokeo ya upimaji wa Kidato cha Pili yakitoka, ilitengenezwa orodha moja ambayo wazazi hawakuipenda: ya wanafunzi wanaoshauriwa kuacha Fizikia. Neno lilikuwa hilo, "wanashauriwa". Fomu ilikuja nyumbani na nafasi ya saini ya mzazi, ili aonekane amechagua. Lakini sisi wa ofisini tulijua. Shule ililinda wastani wake. Mtoto mwenye alama ndogo akiendelea na somo hadi mtihani wa mwisho anaweza kuushusha wastani, na wastani ukishuka wazazi wapya hupeleka watoto wao kwingine. Mkuu alikata mstari kwenye alama arobaini. Waliokuwa chini ya mstari, mimi nilichapa majina yao.

Mwaka wenu majina yalikuwa kumi na tisa, kwa alfabeti. La sita lilikuwa lako. Ulikuwa na thelathini na nane.

Nimefungua shajara ya mwaka ule nikasoma nilichoandika. "Jumanne. Orodha ya Fizikia imekamilika, majina kumi na tisa. La sita ni F. Mvua tangu asubuhi." Sikuandika mwanangu. Niliandika F., halafu nikaandika habari za mvua.

Kesho yake alikuja dirishani mama Joyce, jirani yetu. Joyce naye alikuwamo. Alikuwa amelia njia nzima, mtandio umelowa.

"Baba Fadhila, we si jirani yangu? Lifute tu hilo jina moja. Nani atajua?"

"Mama Joyce, orodha ni orodha. Hata wa kwangu yumo."

Alinitazama, akajifuta uso, akasema, "Basi wewe ni mtu wa haki." Akaondoka bila kugombana.

Mwanangu, sijui kama nitaweza kukueleza neno lile lilivyoniingia. Mimi ni mtu ambaye hajawahi kusifiwa ila kwa mwandiko. Nilirudi nyumbani jioni ile nikitembea taratibu, nimelibeba kama mtu aliyebeba mayai.

Siku ya tatu akaja Mwalimu Komba, mwalimu wenu wa Fizikia. Unakumbuka alivyokuwa, kijana mwenye haraka, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mzee Orodha."

"Marahaba, mwalimu. Mbona mbio?"

"Gari la kwenda semina linaniacha. Hivi vikaratasi vitatu vifikishe kwa mkuu. Ni wa kwenye orodha yako, nataka wabaki kwangu."

"Vitatu?"

"Omari, Joyce, na wa kwako. Na cha Fadhila usije ukakikalia. Nakujua wewe na haki zako!"

Alicheka. Nikacheka. Gari likapiga honi, akakimbia.

Nilivisoma vyote vitatu. Chako nilikisoma nimesimama. Kiliandikwa hivi: "Fadhila aachwe aendelee na Fizikia. Alama zimekuwa chache kwa sababu alikaa muda mrefu kwenye swali la umeme, akalimaliza lote sawasawa, mengine hakuyafikia. Huyu haelewi upesi, ila akielewa haachi. Nitamfuatilia mwenyewe." Karatasi yenyewe nimeibana nyuma ya ukurasa huu. Ni mali yako.

Niliingia kwa mkuu nikiwa na vikaratasi viwili mkononi. Cha tatu kilikuwa mfukoni mwa shati. Mkuu alivipitia akatikisa kichwa. "Huyu Komba na huruma zake. Haya, Omari na Joyce watoe kwenye orodha." Kisha akaniona bado nimesimama mlangoni.

"Kuna kingine?"

"Hakuna, mkuu."

Ni hapo, Fadhila. Hakuna mahali pengine. Nimeirudia siku ile mara nyingi nikitafuta mtu mwingine wa kumgawia lawama, na kila nikirudi najikuta mlangoni pale peke yangu.

Utauliza kwa nini. Nilijiambia kwamba mkuu ataona nimemwomba mwalimu aniandikie. Nilijiambia kwamba mama Joyce atasema lile neno la "hata wa kwangu yumo" lilikuwa la kumfunga mdomo tu. Nilitaka kubaki mtu wa haki. Tazama ujinga wenyewe ulivyo: mtoto wa jirani akatoka kwenye orodha, wa kwangu akabaki, na mimi nikaenda nyumbani nikijiona nimefanya jambo gumu. Haki siku ile ilikuwa ndogo sana. Nilipewa karatasi tatu nizifikishe mlango wa pili. Mimi sikuwa hakimu. Nilikuwa tarishi, nikafikisha mbili.

Na usifikiri sikujua unachokitaka. Nilijua kabla hujajua kuandika. Ulikuwa na miaka sita, tumetoka kumwona bibi yako Masasi, basi likapita karibu na mitambo ya umeme hapa kwetu, ukauliza yale mabomba yana nini. Nikakuambia yana gesi, inatoka kusini inakuja hapa kugeuzwa umeme. Ukafikiri, kisha ukasema, "Gesi inatoka kwa bibi? Mbona bibi anapika kwa kuni?" Abiria wote wakaangua kicheko, na mzee mmoja akasema, "Jibu sasa, baba mtu!" Ukaendelea kuuliza mpaka tukafika nyumbani: gesi inageukaje? Nani anaigeuza? Na mimi naweza kuigeuza? Nikasema utaweza. Nilikuahidi kwa mdomo, na miaka minane baadaye nikakunyima kwa mfuko wa shati.

Jioni ya siku ile ya vikaratasi nilikuita sebuleni. Ulikuja na daftari mkononi, kidole kimebana ukurasa.

"Walimu wamekaa," nikasema, "wameona Fizikia si ya kwako."

"Hata Mwalimu Komba?"

"Wote."

Ukacheka. "Afadhali, nilikuwa nateseka bure." Mama yako akafurahi kwamba umepokea vizuri, akakupakulia wali wa ziada. Mimi nilikuona unavyocheka. Ulicheka kama bibi yako anavyocheka akiumwa jino.

Mwalimu Komba aliporudi semina aliniuliza, "Mzee, mkuu kasemaje?" Nikamjibu, "Wawili wamepita. Kwa Fadhila imeshindikana." Akapiga meza yangu kwa kiganja. "Mkuu huyu!" Nikamwacha amchukie mkuu wa watu. Kabla muhula haujafika katikati, alihamia shule nyingine mkoani, na nitakuambia ukweli, siku aliyoaga nililala vizuri.

Lakini nyumbani sikupona. Wewe ulikuwa mtoto wa kufungua vitu. Redio, tochi, kidude cha kuchajia simu, pasi ya mama yako. Nilikuwa nikikufokea kwa skrubu nilizokuwa nazikanyaga. Tangu jioni ile hukufungua tena kitu. Pasi ilipoharibika Kidato cha Tatu nilikuita makusudi, nikaiweka mezani mbele yako pamoja na bisibisi. Ukaitazama ukasema, "Si umpelekee fundi tu, baba." Ukarudi jikoni. Nilibaki na pasi yangu.

Halafu ukaja ule mtihani wa vitendo wa Kidato cha Nne. Wenzako waliingia maabara kwa mistari. Ninyi msiofanya Fizikia mlikaa kwenye ngazi za jengo la utawala. Kutoka dirishani nilikuona umeshika sweta la Joyce na chupa yake ya maji, saa nzima na zaidi, na alipotoka ulimkimbilia wa kwanza. "Ilikuwaje besti? Mmepewa nini?" Akaanza kukueleza waya na betri walivyounganisha, na wewe ukamsahihisha. Joyce akashika kiuno. "We si ulisema huwezi? Nani kakufundisha hiyo?" Ukasema, "Aah, nimebahatisha." Nilifunga dirisha.

Nafika sasa kwenye siku iliyonikata zaidi. Ni siku tuliyobandika orodha mpya ya tahasusi, yale masomo matatu matatu ya Kidato cha Tano. Unajua mambo yalivyobadilika. Zamani zetu kombi zilikuwa chache, mtu anazitaja zote akiwa amesimama: za sayansi hizi, za sanaa hizi, za biashara hizi, basi. Safari hii serikali ilizifumua zikawa nyingi, karatasi baada ya karatasi, mitaala ikaandikwa upya. Nilizichapa mwenyewe na kuzibandika ukutani nje ya ofisi. Mlijaa pale mkipigana vikumbo. Ulipitisha kidole kutoka juu hadi chini kwa subira, mstari mmoja mmoja, huku wenzako wakikusukuma. Kisha ukaja dirishani.

"Baba, hii ya Fizikia, Hisabati na Kompyuta, lazima mtu awe amefanya Fizikia?"

"Lazima."

"Hata kama Hisabati anaiweza sana?"

"Lazima, mwanangu."

"Nilikuwa nauliza tu." Ukatabasamu. "Mie na Fizikia wapi na wapi. Kichwa changu si cha huko."

Kichwa changu si cha huko. Nilikuwa na kikaratasi cha Mwalimu Komba ndani ya droo, pengine futi mbili kutoka mahali ulipoweka mkono wako. Ningeinuka ningekupa. Badala yake nilikuuliza kama umekula.

Matokeo yalipotoka ulikuwa na B ya Hisabati, na mwalimu wa Hisabati alipita ofisini akasema, "Mzee Orodha, huyu binti yako aliachaje sayansi?" Nikamwambia ni matakwa yake. Umeona? Uongo wa kwanza niliuweka kwa walimu, wa pili kwa mkuu, wa tatu nikakubebesha wewe mwenyewe.

Sasa Joyce anakwenda na Fizikia, Kemia na Hisabati. Wewe unakwenda na Uchumi, Jiografia na Hisabati. Si tahasusi mbaya, na sisemi kwamba maisha yako yameharibika. Wapo watu wengi wenye akili wamepitia humo. Kinachoniliza si herufi tatu zilizo kwenye barua yako ya kujiunga. Kinachoniliza ni kwamba unakwenda Kigoma ukiamini kuna chumba kichwani mwako ambacho ni kitupu. Hakikuwa kitupu. Nilikifunga mimi.

Nikuambie na jambo la bibi yako, ambalo sijawahi kulisimulia hata kwa mama yako. Nilipomaliza Kidato cha Nne nilipata divisheni ya nne, tena ya mwishoni. Bibi yako hajui kusoma. Aliniuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani, "Umeshinda?" Nikasema, "Nimeshinda." Akachinja jogoo aliyekuwa amemweka kwa sherehe ya mjomba, akaita majirani, wakala, wakanibariki. Kwa miezi sita aliniuliza barua ya Kidato cha Tano itakuja lini. Nikawa namwambia imechelewa njiani. Siku moja tunapalilia karanga, akasema bila kuinua kichwa, "Jogoo tulishamla, mwanangu. Sema tu." Alikuwa amejua muda wote. Nililia palepale shambani, naye akaendelea kupalilia, akinisubiri nimalize. Nilidhani siku ile nimejifunza. Kumbe nilijifunza tu kwamba ukificha jambo kwa mtu anayekupenda, atakungoja. Wewe hukuweza kuningoja, kwa sababu hukujua kuna kitu cha kungojwa. Kwa hiyo sikuwa na aliyenisukuma, na nikakaa.

Mwezi uliopita nilianza kukutayarishia mtihani wako wa mwisho wa Kidato cha Sita. Unalijua kabati langu. Nimekusanya karatasi za mitihani iliyopita tangu ukiwa darasa la tano, za masomo yote, nimezipanga kwa miaka na kuzifunga kamba. Nikampelekea mwalimu mmoja wa kidato cha juu anichagulie za kwako. Alizipekua kwa heshima, kisha akasema, "Mzee, mtaala umebadilika. Nyingi hapa hazitamsaidia. Masomo mengine ni mapya kabisa, mengine hata muundo wa mtihani bado na sisi tunausoma." Nikazibeba tena nyumbani. Nilikaa nazo uani nikiwaza: miaka yote hii nimekuwa nikikuwekea karatasi za watu wengine, na karatasi moja iliyokuhusu wewe niliificha.

Ndipo nilipotafuta namba ya Mwalimu Komba. Ilinichukua siku nne kubonyeza. Nilimweleza yote.

"Mzee," akasema, "mie miaka yote najua ni mkuu."

"Ni mimi."

"Nilimsalimia mkuu kwa kununa mpaka naondoka."

"Nisamehe, mwalimu."

"Mimi nitakusamehe, mie nimepoteza nini? Mwambie mtoto. Tena mwambie kabla hajapanda basi. Akishapanda utajipa sababu, nakujua."

Nilimwambia mama yako usiku uleule. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani akasema, "Mie nilimpakulia wali siku ile. Nilimpongeza." Kisha akasema, "Utamwambia wewe. Mdomo wangu sikuazimi." Tangu juzi ananiandalia chakula na kuniwekea maji ya kuoga kama kawaida, ila haniiti kwa jina lolote.

Nimeuliza kama kuna la kufanya. Mwalimu Komba anasema mtu anaweza kufanya somo moja la Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, lakini si jepesi: kuna kujiandikisha, kuna kituo chenye maabara, kuna miaka miwili ya Fizikia usiyofundishwa, na wewe mwenyewe utakuwa na masomo mapya shingoni. Anasema ukitaka atakufundisha likizo, na kwamba kauli yake ya kukufuatilia hajaifuta. Pia anasema pengine utaona hutaki tena, na hilo nalo ni sawa. Sikukujazia fomu yoyote. Sijakupangia. Nakuambia tu kwamba mlango upo, na kwamba hukuwahi kushindwa kuupita, hukufikishwa.

Kama kuna kitu nilichojifunza chenye faida kwako, ni hiki, na nimekilipia kwa kukulipisha wewe. Mtu akikuambia "wamekaa, wameamua", muulize ni nani hao, na kama unaweza uende ukawasikie mwenyewe. Ungekwenda siku ile ukamuuliza Mwalimu Komba, mambo yangekuwa mengine. Hukwenda kwa sababu aliyekuambia alikuwa baba yako. Sikulaumu. Ulikuwa na haki ya kuniamini. Na orodha iliyopigwa mhuri isikutishe sana. Miaka ishirini nimekuwa nikiupiga mhuri ule. Nao hupigwa na mtu, mtu mwenye woga wake.

Kuhusu mimi kuomba radhi, nimeandika neno hilo mara tatu nikalikata. Nikiandika "nisamehe" itakuwa nimekupa kazi nyingine ya kufanya njiani, na umebeba vya kutosha. Nimekukosea. Naiacha hivyo.

Kuna jambo nililokuwa nimepanga na nimelibadilisha nikiwa katikati ya barua hii. Nilikuwa niiweke sandukuni chini ya mashuka, uikute Kigoma. Nilipofika pale pa kukusimulia habari za bibi yako nikaona narudia yaleyale: naamua peke yangu lini ujue, tena nijifiche nisione uso wako. Kwa hiyo nitakupa mkononi leo, mara tu mkirudi, kabla ya chakula. Utakwenda nayo chumbani kwako. Mimi nitakuwa uani. Ukitaka kuja kunifokea, njoo unifokee. Majirani wakisikia na wasikie, hata mama Joyce. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Usinicheke tu kile kicheko chako. Hicho sitakiweza.

Bajaji ya kukupeleka stendi ya Mbezi itafika saa tisa na nusu alfajiri. Ina nafasi yako, sanduku, na mtu mmoja. Tulikubaliana mtu huyo ni mimi; niliandika hivyo, nikapanga na saa ya kuamka. Naifuta mipango yangu. Chagua wewe. Ukimtaja mama yako nitalibeba sanduku mpaka barabarani, nitalifunga kamba, nitarudi ndani kabla bajaji haijaondoka. Ukinitaja mimi, nitakaa kimya njia nzima usipotaka maneno.

Vyovyote utakavyosema, sitauliza sababu, na sitaiandika popote.

Nasikia geti. Nasikia sauti yako.

Baba yako